Maswali na majibu: Tangausi (tangawizi) na ndugu zake

Tangausi ni mzizi wa aina gani? (Mwanafunzi, Ibanda)

Si mzizi, na nimeshaandika hili mara nyingi. Shika kipande chake: kina vifundo, kina macho. Mzizi hauna macho. Hilo ni shina linalotambaa chini ya udongo, ndiyo maana ukifukia kipande chenye jicho kinachipuka. Kilichoanza kulainika usipande, kitaleta mnyauko shambani.

Nilinunua safrani Kadutu, kikombe kizima kwa franka kidogo. Ni ukoo mmoja na tangausi? (Mama, Bagira)

Mama yangu, ulichonunua ni manjano, kurkuma kwa wengine, *Curcuma longa*. Hayo ndiyo ndugu wa tangausi, katika ukoo wa Zingiberaceae wenye spishi zaidi ya 1,500. Safrani ni *Crocus sativus*, ukoo mwingine kabisa, wa maua ya iris. Kinachokaushwa ni nyuzi tatu za ndani ya ua, na kilo moja humaliza maua zaidi ya 100,000. Nani atakupimia hiyo kwa kikombe?

Jina hili nalipiga vita kila mwaka. Tukiita safrani kila unga wa njano, mnunuzi anabaki na rangi tu ya kuamulia, na rangi inadanganya. Bangladesh, watafiti walikuta manjano yaliyotiwa kromati ya risasi, rangi ya njano yenye madini ya risasi, ili yang'ae, sumu inayoharibu ubongo wa watoto. Nunua manjano mazima, utwange mwenyewe.

Matungulu ni iliki ya mwitu? (Kijana, Kadutu)

Ukoo mmoja, mimea miwili. Iliki ni *Elettaria cardamomum*, asili yake India ya kusini. Matungulu ni *Aframomum*, mimea ya Afrika hii hii. Yana jina lake, kwa nini uyaazimie la mgeni?

Mgomba ni ndugu wa tangausi?

Ni binamu. Koo mbili tofauti ndani ya oda moja, yaani kundi kubwa la koo, liitwalo Zingiberales, lenye koo 8. Hata majani ya msituni ya kufungia chikwange, mengi ni ya Marantaceae, ukoo mwingine wa oda hiyo. Chana shina la mgomba: ni sehemu za chini za majani zilizoviringana. Shina la tangausi lililo juu ya udongo liko vivyo hivyo.

Nani aliipa tangausi jina la kisayansi *Zingiber officinale*?

William Roscoe, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, 1807. Kabla yake Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliiweka kwenye jenasi nyingine, *Amomum*, mwaka 1753.

Tangausi inaponyesha kisukari? (Wengi, tena)

Usiache dawa zako. Na unayemeza dawa za kuzuia damu isigande, muulize daktari kabla ya kunywa tangausi nyingi kila siku.