Mgeni, kisu na leseni

Wauliza kama daktari wa kigeni anaweza kupasua watu bila leseni kwa kuwa hatozi pesa. La bwana, matibabu kuwa ya bure hayamwondolei mtu sheria. Daktari wa kigeni anayekuja Mombasa kwa kambi ya upasuaji ya wiki moja lazima awe na leseni ya muda kutoka Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC). Nimefanya kazi thieta, yaani chumba cha upasuaji; karatasi hizo huitishwa kabla mgeni hajanawa mikono.

Ila leseni ni mlango tu. Kidonda kikitunga usaha baada ya wageni kupanda ndege, nani ana faili? Na daktari wetu kijana aliyekuwa nao kambini, alipasua au alishikilia taa? Hayo leseni peke yake haiyajibu, na kwangu ndiyo mazito zaidi.

Kwa hiyo mimi napendelea mpango kama wa COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa 1999. Mwanafunzi husomea hospitali za huku huku. Ireland, kupitia chuo chao cha wapasuaji, wanashirikiana nao tangu 2007, na kazi kubwa ni mafunzo, si kuhesabu wagonjwa waliopasuliwa.