Saa ya studio imegoma baada ya umeme kukatika, je kioo kimezeeka?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mi ni fundi mitambo wa redio moja huku Tanga. Tuna saa ya GPS ya kufunga kwenye raki, iliwekwa 2006, ndo inayotoa ule mlio kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku na kompyuta zote zinaifuata yenyewe. Miaka yote hiyo haijazimwa. Wiki jana umeme ukakatika toka asubuhi mpaka jioni, betri za yupiesi zikaisha, uliporudi saa haikuwaka, taa ya mbele inapepesa tu na ndani nasikia tik tik tik. Mwenzangu anasema kioo cha ndani, kile kinachotetema kuipa saa mapigo yake, kimezeeka tuagize kingine. Ni kweli?

JIBU: Njema fundi mwenzangu, na pole sana. Kabla ya yote nakuomba umzuie huyo mwenzako asikiguse hicho kioo. Kioo cha kwazi kikikaa kwenye oveni yake, kile kijisanduku kinachokipasha joto, kimewashwa miaka na miaka ndo kwanza kinatulia, kuhama kwa masafa, yani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, kunapungua kadri siku zinavyokwenda, kwa hiyo hicho chenu cha tangu 2006 kina utulivu ambao kipya mtakachoagiza kitahitaji muda mrefu kuufikia. Kukitupa ni hasara kubwa. Halafu kioo kikifa hakipigi tik tik, hiyo ni sauti ya saplai, sehemu inayoilisha mashine umeme, inayojaribu kuamka inashindwa, inajaribu tena inashindwa.

Inakuwaje? Saplai nyingi za miaka ile zinaendeshwa na chipu kama UC3842. Ukiwasha, rezista moja inaijaza taratibu kapasita ndogo (inayohifadhi chaji) iliyo jirani na chipu, ikifika kama volti 16 chipu inaamka inaanza kazi, na hapo inatakiwa ile kapasita iibebe chipu kwa muda mfupi mpaka transfoma ianze kuilisha. Kapasita ikishakauka haina akiba, volti zinaporomoka chini ya 10, chipu inalala, mzunguko unaanza upya, ndo hiyo tik tik. Mashine ikiwa imewashwa kapasita hiyo inaweza kuwa mbovu miaka kadhaa na usijue, kwa sababu transfoma inailisha chipu muda wote, ila umeme ukikatika mara moja tu basi. Hapohapo oveni imepoa, na oveni ya baridi inakula mkondo mwingi kuliko wakati wowote mwingine, yani saplai dhaifu inabebeshwa mzigo mzito kuliko yote saa ileile inayoamka.

Wala usishangae imechoka. Kapasita ya elektroliti ikiandikwa saa 2,000 kwenye nyuzi 105, na kila ukipunguza joto nyuzi 10 umri wake unakuwa kama mara mbili, basi kwenye nyuzi 55 unapata saa 64,000 hivi, ambayo ni miaka saba na kidogo. Yenu imepita hapo zamani.

Sasa kazi yenyewe. Chomoa umeme kabisa, na hapa nakusihi usifanye haraka, ile kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani inashika volti kama 325 DC, inaua. Itoe chaji kwa rezista, sio kwa bisibisi, afu pima kwa mita uhakikishe. Tenga saplai na bodi ya saa, pima dayodi za upande wa kutokea, kama mojawapo imeshoti utapata tik tik hiyohiyo na kapasita utakuwa unaionea bure. Dayodi zikiwa nzima, toa ile kapasita ndogo, mara nyingi ni maikrofaradi 47 au 100, weka mpya ya nyuzi 105 na uangalie miguu usigeuze chanya na hasi. Ukiwa umeshafungua badilisha na zile za kutokea zote, usiache hata moja. Usidanganywe na kichwa kuwa bapa, niliwahi kufungua kaunta ya masafa kapasita zake zote kwa juu zilikuwa safi kabisa, nilipoing'oa moja kumbe chini kuna ukoko wa kahawia na nilipoweka pasi ya lehemu ikatoa harufu kama ya dagaa, ilikuwa imevuja mpaka imekula njia ya shaba kwenye bodi. Ile gundi ya zamani iliyogeuka kahawia nayo ikwangue, ikizeeka inapitisha umeme.

Kuwasha mara ya kwanza pitisha kwenye balbu ya waya ya wati 60 kwa mfululizo, ikiwaka kali muda wote bado kuna shoti. Mpe saplai mzigo wa majaribio, rezista tu, kabla ya kuirudishia saa. Ukipata osiloskopu, kile kifaa kinachochora mawimbi ya umeme, angalia mawimbi kwenye laini ya volti 5, yakivuka milivolti 50 mimi siirudishi kwenye raki. Ikishawaka iache siku kadhaa bila kuigusa, kioo kikizimwa kinahitaji muda kurudi pale kilipokuwa.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi Mombasa, nilinunua LPRO-101 iliyotumika, kifaa cha kutoa masafa sahihi kwa atomi za rubidi, naipa adapta ya volti 24 ampea 1, inapata moto lakini hailoki, yani haishiki masafa yake. Imekufa?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Usikate tamaa bado. Hiyo inapopasha moto inavuta mpaka kama ampea 1.7, ikishatulia ndo inashuka kwenye nusu ampea. Adapta yako inazidiwa mwanzoni na volti zinaanguka. Tafuta ya ampea 3, ifunge LPRO kwenye bamba nene la alumini ipoe, na upime volti palepale kwenye pini zake wakati inapasha, sio kwenye adapta. Ipe kama dakika kumi.

SWALI: Fundi, nimebadilisha kapasita zote, saa ya GPS imewaka vizuri ila tarehe imerudi nyuma karibu miaka 20. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea popote, hongera. GPS ya zamani inahesabu wiki 1,024 afu inaanza sifuri, ilishatokea Agosti 1999 na Aprili 2019, na risiva ya zamani haijui tuko mzunguko gani. Sekunde zake na masafa ya megahezi 10 bado ni sahihi, tumia hayo, tarehe chukua kwingine.