Anti, nimetema mate kwenye kichupa nikapata dada Leipzig

SWALI: Asalaam aleikum Anti, shikamoo. Mie mtoto wa Unguja ila nakaa Northampton huku Uingereza. Kazini wenzangu walinunua vile viboksi vya kupima DNA nyumbani vilipopunguzwa bei, na mie nikachukua changu, nikatema mate nikapeleka posta. Nilitaka kujua asili tu, mana kwetu huyu anakwambia sisi Washirazi yule anakwambia Wahadhrami. Majibu yalipokuja hata huko kwenye asili sikufika, juu kabisa kwenye orodha ya jamaa yupo mtu simjui, sentimogani 1,790, wameandika ni ndugu wa karibu. Chini yake yupo mtoto wa ami yangu wa Toronto ambae namjua, yeye 870.

Kanitumia meseji. Ni mwanamke, kazaliwa Leipzig 1971, mamake Mjerumani, na babake anachokijua ni mwanafunzi aliyetoka Zanzibar, anauliza kama namjua. Anti, marehemu baba alisoma Ujerumani Mashariki, picha zake tunazo kavaa koti refu kwenye theluji, akarudi akamuoa mama, mie nimezaliwa 1979. Mpaka anakufa hajatwambia kitu. Kakangu wa Unguja nilipomwambia alipandwa na hasira, kasema futa kila kitu hao wanaitaka nyumba ya Kikwajuni. Mama mtu mzima ana presha. Sasa huyu dadangu kweli au mashine imekosea? Nimjibu? Mama nimwambie?

JIBU: Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Tuanze na hesabu, hasira za kakako zitatusubiri.

Hizo sentimogani zinapima wingi wa DNA mnayolingana. Mtu na mzazi wake wanafika kama 3,400, ndugu wa baba mmoja mama mmoja kama 2,600, ndugu wa upande mmoja wastani ni kama 1,750 ila inaweza kushuka mpaka 1,200 au kupanda ikapita 2,200. Mtoto wa ami ni kama 850, na huyo wako wa Toronto yupo pale pale. Tatizo ni kuwa 1,790 inaweza pia kuwa ya bibi, ya shangazi au ya mtoto wa ndugu yako, mashine inaona wingi tu haijui nani kamzaa nani, hapo ndo utumie akili yako. Mamake ni Mjerumani, kwa hiyo mlichofanana chote kimepita kwa babake. Bibi yako hawezi kuwa, umri haukubali. Kakako hawezi kumzaa mtu wa 1971 na yeye wazee wake walikuwa hawajaoana. Shangazi? Basi awe babu yako ndie aliyesoma Leipzig, sidhani. Labda ami yako nae alikuwepo huko? Basi huyo mwanamke angekuwa mtoto wa ami kwako, angekuja na mia nane na ushei kama mwenzake wa Toronto. Anabaki mtu mmoja, na ndie yule wa kwenye picha.

Kuna jengine ambalo watu hawalifikirii mpaka liwafike: ukiona ndugu usiyemjua kwa upande wa baba, pengine mtoto wa nje si yeye, ni wewe. Viboksi hivi vishawapindulia wengi. Wewe kakutoa wasiwasi huyo wa Toronto, mana mnalingana vile watu wa ami wanavyotakiwa walingane, maana yake baba aliyekulea ndie aliyekuzaa. Fungua ile sehemu ya jamaa mnaoshirikiana uone kama na kwa dada wa Leipzig anatokea, akitokea na mia nane na kitu shauri limekwisha. Ukitaka jengine juu ya hilo, na kama wewe ni mwanamke, tafuta kampuni inayoonesha kromosomu X (si zote), kile kipande cha DNA mwanamke anachopata kimoja kwa baba kimoja kwa mama, watoto wa kike wa baba mmoja wanapokea X ile ile nzima kwa baba, mwanamme anayo moja tu hana ya kuchagua, kwa hiyo lazima ilingane mwanzo mpaka mwisho. Wale jamaa wa mbali huko chini ya orodha usiwahangaikie, sie tunaoana watoto wa ami kwa watoto wa ami mpaka namba zinavimba.

Sasa baba. Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mwaka 1964, miezi ile ile ya Mapinduzi, Wajerumani wakaja kujenga majumba hapo hapo Kikwajuni, na vijana wetu wakapelekwa kusoma, wengi waliokwenda kule walianzia Leipzig kujifunza Kijerumani pale Herder-Institut. Kijana wa miaka ishirini na kitu kwenye baridi ile mbali na kwao, ulidhani alikuwa anasoma tu? Kumuoa Mjerumani kulitaka kibali cha serikali, masomo yakisha unarudi kwenu, na mwanamke wa kule kukufuata haikuwa kukata tiketi akaja. Pengine alijua kaacha mtoto, pengine aliondoka hata hajaambiwa. Mie simteti wala simtetei, nasema usimhukumu kwa kitu ambacho hukumsikia mwenyewe akikieleza.

Kakako anachanganya mambo mawili. Udugu ni wa damu, nyumba ni ya mirathi, na kwa sheria ya Kiislamu mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa harithi kwa baba, hata DNA ije na mihuri kumi. Kama walifunga ndoa huko, hiyo ni khabari nyengine ya kupeleka kwa kadhi, si ya kugombana kwenye simu. Halafu soma tena alichokuuliza huyo bibie: anauliza kama unamjua babake! Nyumba kaitaja kakako. Na kufuta kutasaidia nini wakati jina lako keshaliona? Kufuta kuna sababu zake nzuri, mwaka 2023 kampuni kubwa ya vipimo hivi, 23andMe, walidukuliwa zikavuja taarifa za watu milioni 6.9, na 2025 wakaomba ulinzi wa mufilisi, kwa hiyo ukishamaliza ukitaka futa. Ila fanya hivyo kwa sababu hiyo, sio kumkimbia mtu.

Mjibu, tena leo. Usiandike waraka. Mwambie nadhani baba yetu ni mmoja, jina lake fulani, amefariki mwaka fulani, hii picha yake. Na mtajie maradhi ya upande wa baba, kama ni sukari kama ni presha, mana umri wake wote daktari akimuuliza khabari za babake hana la kusema. Kuitana dada kutakuja kwenyewe, kusipokuja basi. Na muombe asiweke picha popote mpaka uzungumze na nyumbani.

Mama mwambie, lakini si kwa simu na wala si kaka ndo amwambie. Kama huwezi kwenda karibuni mtafute shangazi yako au khaloo ambae mama anamsikiliza, akae nae. Anzeni na ile picha ya theluji, mumuulize baba alikuwa anahadithia nini cha kule. Usishangae akawa anajua, wanawake wa rika lake wameyaweka mengi kifuani. Na akiwa hajui, mkumbushe mtoto alizaliwa kabla yeye hajaolewa, hapo hapana aliyemkosea. Dawa ya presha awe keshameza.

SWALI: Anti mambo, nipo Mbagala. Mtoto wetu wa pili hafanani na mimi hata kidogo, jamaa kanambia naweza kuagiza hicho kiboksi nje nikachukua mate ya mtoto kimya kimya mke asijue. Unanishaurije?

JIBU: Poa kaka. Usifanye hivyo. Tanzania Bara ipo sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, kipimo cha uzazi kinafanywa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na hauendi tu mwenyewe na kichupa, maombi yanapitia mahakamani, kwa wakili au kwa afisa ustawi wa jamii. Majibu ya kiboksi cha kuagiza mahakama haitayapokea, na ndoa utakuwa umeshaivunja kwa mkono wako. Halafu kutofanana sio ushahidi, mtoto anaweza kumtoa bibi mzaa babu ambae hata picha yake hamna. Kama wasiwasi unakula, anza ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya yako, Temeke, na uende na mke.