Wigi Likivuka, Kipaza Sauti Kibaki

Wadogo zetu wa nyuma ya jukwaa, msimu umefunguliwa na kosa ni lile lile. Sikilizeni tena.

1. Wigi la Albin. Katika La Cage aux Folles, tamthilia ya nyimbo kuhusu Georges, mwenye klabu ya usiku, na mpenzi wake Albin, anayeimba humo akiwa amevaa kike, sehemu ya kwanza inaisha Albin akivua wigi, akimtupia Georges, kisha akitoka kwa kupita katikati ya watazamaji. Nanyi kila mwaka mnabana kipaza sauti kwenye wigi lenyewe! Tunajua kwa nini: wigi limekaa mezani, taa ni nzuri, mwigizaji bado anakunywa chai. Matokeo yake wigi likiruka, waya unafuata. Ama unakatika unapoingia kwenye kisambaza mawimbi, kile kijisanduku cha kiunoni kinachorusha sauti, ama kipaza sauti kinaning'inia sikioni na ukumbi mzima unasikia mikwaruzo mahali palipotakiwa ukimya. Na ukimya ule si wa kuchezea. Onyesho lilifunguliwa Broadway Agosti 1983, UKIMWI ukiwa tayari unawaua mashoga wa New York, na hapo palikuwa na shoga aliyekataa kufichwa na mpenzi wake mwenyewe.

Basi fanyeni hivi. Nywele za mwigizaji zikunjwe mafundo madogo bapa, juu yake kofia ya wavu. Waya ubanwe kwenye mafundo hayo, kupitia wavu, sehemu tatu: juu ya paji, utosini, kisogoni. Shingoni tumieni plasta ya hospitali, lakini kwanza mwigizaji ageuze kichwa pande zote na kuinama, waya usije ukakaza. Wigi ndilo la mwisho, kwa pini mbili tu. Mkiweka sita atalivuta kama anang'oa jino. Pini zisiguse waya. Kisambaza mawimbi kivishwe kondomu isiyo na mafuta, maana jasho chini ya koseti hukiua kabla ya mapumziko. Muuza duka la dawa atawatazama mkinunua boksi zima. Mwacheni atazame.

Fundi sauti naye akizime kipaza hicho mara noti ya mwisho ya wimbo inapokatika, asingoje wigi lipae.

2. Betri mpya kila onyesho, hata kama taa bado ni ya kijani.

3. Wacheza dansi wa klabu ya Georges. Mwaka 1983 walikuwa 12, wanaume 10 na wanawake 2, wote wamevaa kike, na utamu wote ulikuwa mtazamaji kubahatisha nani ni nani. Sasa mtu wa mavazi anawaonea huruma wanawake, anawapa visigino vifupi na wigi jepesi, siri imekwisha kabla ya wimbo wa pili. Visigino urefu mmoja kwa wote. Viatu vya kike vya namba 44 na zaidi viagizwe mapema, na nyayo zibandikwe raba.

4. Peja, kile kifaa kidogo cha kubeba kinacholia kumwita mtu, katika Rent, tamthilia ya nyimbo kuhusu vijana wa New York wakati wa UKIMWI. Ule mlio si simu, jamani. Ni saa ya kumeza AZT, dawa ya UKIMWI ambayo wagonjwa wa mwanzo walitakiwa kuinywa kila baada ya saa 4, usiku na mchana. Kijana mmoja akiweka mlio wa simu ya kisasa, watazamaji wanapekua mifuko yao na tukio limekufa. Tafuteni mlio mfupi, mkavu, na utoke kwenye spika ndogo iliyofichwa karibu na mwigizaji, si kwenye spika kubwa za ukumbi.