Mtoto Ana Wenyewe

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: mgeni wa ng'ambo anayetaka kuja Malindi au Lamu, Pwani ya Kenya, kujitolea kwa watoto na familia maskini, tumpokee vipi na tumpe kazi gani? Jibu langu lina mzizi mmoja. Mgeni asipewe mtoto. Apewe mtu mzima anayebaki na mtoto, amsaidie huyo.

Tuanze na kalenda, maana hapo ndipo mambo huharibika kabla mgeni hajapanda ndege. Vijana wa Ulaya wana likizo Julai na Agosti, na tena wakati wa Krismasi. Shule zetu hufunga muhula wa pili Agosti, na Desemba nzima watoto wako nyumbani. Mgeni aliyelipia "wiki nne za kufundisha Kiingereza" mwezi wa Agosti atakuta darasa lina kufuli sehemu kubwa ya mwezi. Wakala aliyekwisha kula pesa zake atampeleka wapi? Atampeleka palipo na watoto mwaka mzima, yaani kwenye kituo cha kulelea watoto. Na Agosti ndiyo hasa wakati mtoto wa kituo alipaswa kwenda kwa nyanya yake Kakuyuni au kwa shangazi yake Faza, akae nao, asisahau njia ya kwao. Kituo kinachozuia watoto wasiende likizo kwa kuwa "wageni wanakuja" kimeshatwambia kinamtumikia nani.

Halafu kuna neno linalotuponza: yatima. Kwetu, na katika dini, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla hajabaleghe. Mama yupo, wajomba wapo, ami zake wapo. Tukiandika "watoto yatima" kwenye bango hatusemi uongo kwa lugha yetu. Neno likishavuka bahari ndipo linapogeuka, maana Mzungu huelewa mtoto asiye na mtu duniani. Shirika la Save the Children liliandika mwaka 2009 kwamba angalau watoto wanne kati ya kila watano walioko vituoni duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Kinachomtoa mtoto kwao aghalabu ni umaskini: karo, chakula, maradhi ya mama. Kwa hivyo mgeni akifika kituoni asiulize wako wangapi. Aulize wangapi wana mama hai, mama huyo huja mara ngapi kwa mwezi, na nauli yake hulipwa na nani. Msimamizi akibabaika kwenye swali la nauli, mgeni ameshapata jibu.

Serikali ilisimamisha usajili wa vituo vipya Novemba 2017, na mkakati wa taifa wa mwaka 2022 hadi 2032 unataka watoto warudi kwenye familia na jamii. Sheria ya Watoto ya 2022 imeitambua hata kafala, yaani kumlea mtoto wa mwingine kwa utaratibu wa Kiislamu, malezi ambayo Waislamu wa Pwani wanayajua tangu zamani. Anayechangisha leo pesa za mavolontia kujenga bweni jipya anapiga makasia kinyume na mkondo.

Jambo moja la kutazama kwa jicho kali. Mtoto wa Kibajuni au wa Kigiriama wa miaka mitatu akimwona mgeni hujificha nyuma ya mamake, akachungulia kwa jicho moja kutoka kwenye leso. Hiyo ni afya. Mtoto anayemkimbilia mtu asiyemjua, akamrukia shingoni, akamwita mama dakika ya kwanza, wageni humpiga picha wakasema "watoto wa huku wana upendo". Wataalamu wa malezi wanaijua tabia hiyo kwa watoto waliopitia mikononi mwa walezi wengi mno. Kila mgeni anayekuja wiki mbili, akambeba, akalia uwanja wa ndege na kuondoka, anaongeza kidonda juu ya kidonda. Azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la Desemba 2019 kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi liliyataja madhara ya kujitolea vituoni waziwazi, na kuuhusisha na utalii.

Karatasi sasa. Ruhusa ya kielektroniki ya kuingia nchini, iliyochukua nafasi ya viza tangu Januari 2024, ikiombwa kwa ajili ya utalii ni ya utalii tu. Mbele ya sheria ya uhamiaji, kufanya kazi bila malipo bado ni kufanya kazi. Shirika linalompokea mgeni ndilo linalopaswa kumwombea kibali, ama kile cha kazi za hisani na dini, ama pasi maalum ya muda mfupi. Shirika linalomwambia "ukifika Mombasa sema umekuja kutembea" ajiepushe nalo. Likidanganya maafisa wa uhamiaji, litamdanganya na yeye.

La pili ni cheti cha polisi cha nchi yake, na cha nchi nyingine yoyote aliyoishi miaka ya karibuni. Waingereza wana cheti maalum cha kulinda watoto kwa wanaokwenda kufanya kazi nje, hutolewa na ACRO, ofisi ya kumbukumbu za polisi ya huko kwao. Wataliano, ambao Malindi tunao wengi, huleta casellario giudiziale, hati ya kumbukumbu za makosa ya jinai ya kwao. Cheti kisomwe na mtu anayeijua lugha hiyo, kisiishie kutiwa kwenye faili. Malindi ni mji wa watalii, na hatuhitaji kukumbushwa kwa nini tunaulizia. Kisha jina la mgeni lifike kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, kwa chifu na kwa mzee wa mtaa kabla hajafika mwenyewe. Asikae peke yake na mtoto, asilale nyumba moja na watoto wa kituo, asibadilishane namba ya simu na mtoto. Na watoto wenyewe waijue 116, simu ya bure ya watoto.

Upande wa Lamu una adabu yake, na si nyingi. Asubuhi watoto wako shule, alasiri wako chuoni, yaani madrasa. Programu ya mgeni isigombanie saa za Kurani. Mwanamume asivuke daka, ile baraza ya mlangoni, hata mtoto akimwambia "karibu". Angoje sauti ya mtu mzima. Na asimfanye mtoto mkalimani. Ajuza wa Langobaya huzungumza Kigiriama, wa Kizingitini Kibajuni, na Kiswahili cha programu ya simu hakifiki huko. Kumweka mtoto wa miaka kumi atafsiri deni la babake na ugonjwa wa mamake ni kumvunjia heshima yeye na wazazi wake. Tafuteni mkalimani mtu mzima, mumlipe.

Basi afanye kazi gani? Nichukue funza, maana ndiyo kazi wageni wanayoipenda huku nyuma ya Malindi, Ganda hadi Magarini, na ndiyo wanayoiharibu zaidi. Picha mnaijua: beseni, glavu, sindano, mgeni amepiga magoti mbele ya mguu wa mtoto.

Funza jike hujichimbia kwenye ngozi, akavimba kwa mayai, na mayai yakadondoka sakafuni mtu anapotembea au kulala. Sakafu ikiwa ya vumbi, mabuu hukua humo humo, sentimita chache tu chini ya jamvi, na baada ya wiki tatu nne funza wapya wanaurukia mguu ule ule uliosafishwa. Sindano iliyopita miguu ya watoto sita imegawa damu kwa wote sita, pamoja na virusi vya ukimwi na homa ya ini ikiwa vimo. Kidonda kilichochokorwa ni mlango wa pepopunda. Hata yale maji ya zambarau ya pamanganeti yana hatari, kwa kuwa asiyezoea humwaga punje kabla hazijayeyuka, zikamchoma mtoto ngozi. Siku hizi yapo mafuta ya dimetikoni ambayo humziba funza pumzi bila kumchimbua. Dawa yoyote iwayo, mguu ni kazi ya mhudumu wa afya wa jamii. Mgeni apewe sakafu.

Sakafu ni hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 3, unene wa sentimita 5, kwa mchanganyiko wa simenti 1 kwa mchanga 2 kwa kokoto 4, kinakula mifuko 3 ya simenti ya kilo 50, mchanga wilbaro tatu na nusu, na kokoto wilbaro saba. Kwanza vumbi la juu likwanguliwe, litupwe mbali na nyumba, si pale mlangoni ambapo kuku na mbwa watalirudisha. Ardhi ishindiliwe na imwagiwe maji ndipo zege liingie. Mchanga wa ufuoni huchotwa bure, na hapo ndipo watu hujiponza: chumvi yake huvuta unyevu, sakafu ikawa haikauki vizuri. Nunueni wa mto. Zege likishasawazishwa lifunikwe magunia na yamwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Joto la Februari likiachiwa, sakafu hukauka kwa siku moja ikapasuka, na ufa ukishajaa vumbi, funza amepata nyumba tena.

Kazi hiyo ni ya fundi wa kijijini, na alipwe ujira wake kamili. Mgeni achote maji ya siku hizo 7. (Haipigiki picha nzuri, najua.) Kabla ya yote, pangeni familia italala kwa jirani gani wiki hiyo, wengi huisahau hii, usiku wa kwanza watoto wakatandikiwa jamvi juu ya zege bichi.

Na kuna swali ambalo lazima liulizwe kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa: ardhi ni ya nani? Huku kwetu maskwota, watu wanaoishi kwenye ardhi isiyo yao, ni wengi. Mwenye shamba anayevumilia kibanda cha udongo huenda asivumilie simenti, akaiona ni dalili ya kuhodhi, na familia ikafukuzwa kwa sababu ya wema wa mgeni. Chifu na mwenye shamba waongee kwanza. Wasipoelewana, sakafu ya udongo ishindiliwe na ipigwe maji kila siku, mbwa na mbuzi walale nje, na juhudi ziende kwenye viatu na dawa.

Shuleni mambo ni mafupi: mgeni asisimame mbele ya darasa ambalo mwalimu wake yupo. Akae nyuma, amsaidie mwalimu kuandaa kadi na vizibo vya kuhesabia, amsomee mtoto mmoja mmoja mlango ukiwa wazi. Nguo na viatu vya kugawa asivibebe kwenye sanduku. Sare ishonwe na fundi wa soko la Malindi, pesa zikae mjini.

Picha: sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa habari za mtoto. Mama aonyeshwe picha yenyewe kwenye simu na aambiwe itakwenda wapi, kwa lugha yake, na akikataa asinyimwe simenti. Msaada ukishafungwa na picha, mama hana tena nafasi ya kusema hapana.

Mgeni anayetaka kujua kama sakafu imefanya kazi angoje wiki ya tano, wakati mayai yaliyobaki kwenye nyufa na mikeka yangekuwa yameshakuwa funza. Siku hiyo mhudumu wa afya apite na daftari, ahesabu vidole vyenye funza vya kila mtu wa nyumba, pamoja na nyanya ambaye hakuna aliyempiga picha. Mgeni atakuwa ameshapanda ndege, kwa hiyo nauli ya ziara hiyo aiache kwa mhudumu kabla hajaondoka.