Utafiti wa Maada Laini Nairobi: Usisubiri Skolashipu, Anza na Tone la Kahawa

Vijana waliomaliza shahada ya fizikia huniuliza kama wasubiri skolashipu ya Ulaya au waanze hapa. Anza hapa. Maada laini ni maziwa, rangi ya ukutani, povu, jeli. Malighafi iko jikoni kwenu.

Dondosha kahawa nyeusi kwenye kioo safi, uiache ikauke. Chembe zitajikusanya ukingoni na kuacha mduara mweusi. Mwaka 1997 watafiti wa Chicago walieleza sababu: ukingo wa tone umeng'ang'ania kioo, na maji hukauka upesi zaidi pale, kwa hiyo maji ya katikati hukimbilia ukingoni kufidia, yakibeba chembe. Mwaka 2011 ikaonyeshwa kwamba chembe zilizorefushwa kama yai haziachi mduara; hunasana kwenye uso wa tone na kutapakaa. Umbo tu! Sasa tia sabuni kidogo, au ubadilishe kioo. Swali lako la uzamili huenda liko hapo. Kwa chembe za mikromita moja (sehemu ya elfu ya milimita), hadubini ya wenzetu wa biolojia inatosha. Waombe kwa adabu, na uirudishe ikiwa safi.

Upande wa kompyuta, LAMMPS na HOOMD-blue ni programu za bure za kuiga mwendo wa chembe. Hata hivyo, siruhusu mwanafunzi wangu azifungue kabla hajaandika mwenyewe Monte Carlo ya tufe ngumu, yaani programu inayosogeza vijimpira kwa kubahatisha. Sheria ni moja: tufe zisiingiliane. Hazivutani hata kidogo, lakini zikijaza asilimia 49.4 ya nafasi, fuwele (mpangilio wa safu zinazojirudia) huanza kuwezekana, zikipita 54.5, hali tulivu ni fuwele tupu. Wanasayansi Alder na Wainwright waliona dalili zake kwenye kompyuta mwaka 1957. Pusey na van Megen wakaiona katika koloidi halisi, yaani chembe ndogo zinazoelea kwenye kimiminika, mwaka 1986. Kinachozipanga ni entropia, yaani wingi wa njia ambazo tufe zinaweza kukaa. Ni kama matatu iliyojaa: abiria wakikaa kwa mpango, kila mmoja hupata pa kusogeza kiwiko. Anza na visahani bapa badala ya tufe, maana hesabu ni nyepesi na unaona kila kitu kwenye skrini. Na uhifadhi hali ya mfumo mara kwa mara, stima ikipotea usiku usirudi mwanzo.

Chembe za polistireni (aina ya plastiki) za majaribio huagizwa nje, kwa hiyo agiza mapema kuliko unavyodhani, forodha ina mwendo wake. Zikifika, weka kwenye friji, kamwe si kwenye friza; zikiganda hushikamana na hazitenganishiki tena.

Kuhusu msimamizi, mimi hutazama jambo moja: anarudisha rasimu baada ya muda gani? Waulize wanafunzi wake waliotangulia. Jina kubwa lisilosoma sura yako litakuzeesha.

Ukimwandikia profesa wa ng'ambo, acha hadithi ya maisha yako. Ambatisha picha ya tone lako na grafu moja, kisha uliza swali analoweza kulijibu kwa mistari miwili.