Dereva akiwa barabarani, acha kumpigia

Hii naandikia madereva lakini zaidi naandikia wale wanaotupigia simu. Wake zetu, mama zetu, mabosi, maejenti wa klaringi wanaoshughulikia makaratasi ya forodha pale Malaba kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, mwenye mzigo, mweka hazina wa kikundi. Ajali ikitokea dereva ndio anatukanwa na sikatai, mwenye usukani ndiye mwenye jukumu, lakini simu haijipigi yenyewe, kuna mtu upande wa pili anataka kujibiwa sasa hivi na huyo mtu hakuna anayemwambia kitu.

Mimi ni dereva wa trela. Mzigo wangu mwingi unatoka Malaba unapita Kampala unakwenda Elegu kwenye mpaka na Sudan Kusini, hiyo barabara naijua mashimo yake na matuta yake, Bugiri, Idudi, Iganga, msitu wa Mabira, Lugazi, halafu upande wa kaskazini Luweero, Migyera, Kigumba, Bweyale, Karuma. Nimezika wenzangu wa kazi hii. Nimepita kwenye ajali ambazo zimetokea sasa hivi, matawi ya miti yametandazwa kwenye lami kuonya wanaokuja, na mahali pengine unajua kabisa kwamba chini ya ile leso ni mtu.

Polisi wetu walihesabu watu 4,806 waliokufa barabarani Uganda mwaka 2023, na mwaka 2024 wakafika 5,144. Ukigawa ni kama watu 14 kila siku, leo 14, kesho 14, na Krismasi pia. Wengi wao si sisi wenye magari, ni watembea kwa miguu na watu wa boda. Ukisoma hizo ripoti utaona uendeshaji wa hovyo, kuovateki vibaya, mwendo kasi. Simu huioni sana, na mimi naamini imejificha humo ndani ya hilo neno hovyo, kwa sababu nani atatoka kwenye gari lililopinduka amwambie trafiki afande nilikuwa nasoma mesiji?

Wacha nieleze hesabu moja ambayo huwa nawaambia mataniboi wangu, yaani wasaidizi wangu wa gari, wanapoanza kujifunza gari. Ukienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde gari linakula mita 22. Kusoma mesiji fupi na kurudisha macho, sekunde tano zimeisha, hizo ni mita 110, urefu wa uwanja mzima wa mpira umeupita hujaona chochote, na kwenye huo uwanja kuna bodaboda, kuna mama amebeba ndizi, kuna mtoto anakimbiza tairi. Na hapo nazungumzia macho tu, breki bado hujagusa. Gari letu likijaa sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu mpaka tani 56, tani 56 hazisimami kwa sababu umeshtuka.

Sasa wengi wanasema mimi natumia iyafoni za masikioni, mikono yangu iko huru, hakuna shida. Shida ipo. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana hatari ya kupata ajali kama mara nne ya yule asiyetumia, na linasema iyafoni na spika hazikupi usalama mkubwa kuliko kushika simu mkononi, kwa sababu kinachoibiwa ni akili. Macho yanaangalia mbele lakini hayaoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah kule Marekani walipima mwaka 2015 wakakuta dereva akimaliza kuipa simu maagizo kwa sauti tu, akili yake inaweza kuchukua mpaka sekunde 27 kurudi barabarani kamili. Kwa ile hesabu yangu ya mita 22, hiyo ni karibu mita 600 unaendesha nusu mtu. Yaani umeshaweka simu chini, unaona umekuwa mtu mwema, lakini akili bado iko kwenye maneno ya ada ya shule mliyokuwa mnaongea.

Mtu ataniuliza mbona taniboi wako anakupigia stori usiku kucha na hamjaanguka. Taniboi anaona ninachoona! Tukikaribia Kakira usiku na trekta ya miwa iko mbele haina taa hata moja, yeye ananyamaza mwenyewe, au anapiga kelele kabla yangu. Anayekupigia kutoka nyumbani haoni trekta. Yeye anaendelea kuongea, na ukinyamaza anasema haloo, haloo, unanisikia? Ndiyo maana nasema hii kazi ya kuacha simu haiwezi kufanywa na dereva peke yake.

Nitawaambia moja niliyoiona kwa karibu. Kuna jamaa tulikaa naye mtaa mmoja Tororo, yeye alikuwa wa taksi, zile matatu za abiria 14, mtu mtaratibu, hanywi, msikiti hakosi, abiria walikuwa wanamsubiri yeye kwenye steji wanaacha taksi zingine ziondoke. Jioni moja akawa anapita senta fulani upande wa Iganga, watoto wanatoka shule, simu iko kwenye dashibodi ikawaka. Abiria wa kiti cha mbele alisema baadaye kwamba dereva aliinama mara moja tu. Akagonga msichana wa P.4, darasa la nne, aliyekuwa anavuka, akafa palepale. Jamaa alifanya kile ambacho madereva wote hapa tunafundishwa, alikimbilia posti ya polisi kabla watu hawajamfikia, akajisalimisha.

Tukaenda mazishini sisi wa upande wa dereva, na LC1 wetu, mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti wa steji na wazee wawili, kwanza tulituma mtu akaulize kama tunaweza kuja, maana huwezi tu kuingia kwenye matanga ya mtu ambaye mwenzako amemuulia mtoto. Walikubali. Tulikaa chini kwenye mkeka, mzee akatoa maneno, tukatoa mabugo, ule mchango wa rambirambi, kwenye bahasha, baba wa mtoto hakugusa ile bahasha, ilichukuliwa na mdogo wake. Alikuwa mtu mkimya sana, fundi wa baiskeli. Akauliza swali moja tu, kwamba dereva alikuwa anasoma nini kwenye simu.

Hakuna aliyejibu. Mimi nilikuwa najua kwa sababu nilikuwa nimeongea na jamaa pale kituoni, ilikuwa mesiji ya kikundi cha akiba inakumbusha watu mchango wa wiki. Ungemwambiaje mzazi hivyo? Mwenyekiti akainamisha kichwa akasema mzee tusamehe, na yule baba akasema sawa, akainuka akaenda kuangalia watu wanaochimba kaburi.

Watu wanafikiri ajali inaisha wakizika. Yule msichana alikuwa na mdogo wake wa kiume waliokuwa wanavuka pamoja kila siku, yule mtoto akakataa kabisa kuvuka ile barabara, kila asubuhi analia mpaka anatapika, mwishowe wakampeleka Mbale kwa shangazi yake. Kwa hiyo yule mama alibaki bila watoto wawili. Na upande wa jamaa, alikaa rumande, nyumbani waliuza kiwanja kulipa wakili na gharama, mke wake akaanza kuuza makaa, watoto wakatolewa shule waliyokuwa. Alipotoka hakugusa usukani tena mpaka leo. Hata ukimpa lifti anakaa nyuma. Familia mbili zimevunjika na hakuna mlevi, hakuna jambazi hapo katikati.

Na usifikiri bima itafuta machozi. Ile stika ya third party, bima ya lazima ya kumlipa unayemgonga, tunayobandika kwenye kioo, sheria yake ni ya mwaka 1989 na fidia iliyowekwa humo haizidi shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja. Milioni moja! Jeneza na kukodi gari la kubeba maiti na kulisha watu matangani, imeisha, hata siku ya tatu hujafika. Wale wanaobaki hai nao ni hadithi nyingine, kijana wa boda amevunjika paja analazwa wodini miezi, na hapa kwetu mgonjwa hakai peke yake, lazima mtu wa kumuuguza alale chini ya kitanda, apike, afue, kwa hiyo waliopoteza kazi ni wawili, na nyumbani kuna watoto wanalelewa na jirani.

Oktoba 22, 2025, barabara ya Gulu karibu na Kiryandongo, mabasi mawili yalikutana yote yanaovateki, na lori na gari dogo yakaingia humo. Polisi walianza kusema waliokufa ni 63 halafu wakarekebisha wakasema 46. Hiyo si ajali ya simu, walisema ni kuovateki, lakini naitaja kwa sababu sisi wa ile barabara tunakutana na mtu kama huyo kila safari, anatoka upande wake anakuja kwako na taa zimewaka. Unapata sekunde mbili, tatu, za kumwachia njia ushuke kwenye changarawe. Hizo sekunde ndizo uhai wako. Ukiwa unaongea na ejenti kuhusu makaratasi hizo sekunde hauna. Halafu siku ile picha za maiti zilianza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp asubuhi, kuna watu walijua mtu wao amekufa kwa kuona shati lake kwenye simu. Tafadhali, ukifika kwenye ajali weka simu mfukoni usaidie kutoa watu, au pigia polisi 999, hizo picha usipige.

Basi tufanyeje. Wewe mke, mama, mtoto mkubwa, ukipiga simu na ikapokelewa, neno la kwanza liwe "uko kwenye usukani?" Akisema ndiyo, kata. Usiseme tu kidogo, usiseme dakika moja. Hata kama umekasirika, hasa kama umekasirika, maana ugomvi wa nyumbani dereva anaubeba mpaka Karuma. Na habari mbaya, mtu amefariki, mtoto kalazwa, kamwe usimwambie mtu aliye barabarani, mpigie taniboi au mpigie dereva mwenzake anayefuatana naye wamsimamishe kwanza. Mjomba wangu alipofariki hivyo ndivyo nilivyoambiwa, mwenzangu alinipigia honi na taa nikapaki, akaja akakaa na mimi kwenye kebini ndio akaniambia. Nashukuru mpaka leo.

Nyie mabosi, hapa nitasema wazi. Gari lina traka, unaliona kwenye kompyuta limefika Lugazi, na mzigo wa transiti una kifaa cha forodha ambacho Uganda, Kenya na Rwanda wanafuatilia tangu 2017, halafu unapiga kuuliza "umefika wapi?" Unajua nimefika wapi. Na dereva asipopokea mara tatu unamwambia akirudi alete funguo. Kijana mwenye watoto atapokea tu, hata akiwa kwenye kona. Tangaza kwa mdomo wako mbele ya madereva wote kwamba hapa hakuna atakayegombezwa kwa miskoli, na utimize hilo neno siku mzigo umechelewa.

Abiria, najua mnaogopa. Kwenye taksi mtu anaona dereva anachati na watu 14 wote wamenyamaza wanaangalia dirishani. Usianze na matusi, ukimtukana anakanyaga mafuta. Sema kwa heshima, "ssebo (yaani bwana), paki tu uongee, sisi tutakungoja," na ukishasema hivyo mwenzako wa pembeni aseme pia, mtu mmoja anapuuzwa lakini watatu hawapuuzwi. Konda ana mikono miwili, simu ya dereva akae nayo yeye. Kwa boda mimi namwambia kijana kabla sijapanda, ile simu umechomeka ndani ya helmeti itoe uweke mfukoni, na akipokea njiani namgonga bega nashuka, namlipa hela yake ya mpaka hapo. Mara nyingi anaomba msamaha tunaendelea.

Dereva mwenzangu, usitegemee roho yako kuwa ngumu. Simu ikilia mkono unakwenda wenyewe, tumeshazoea vibaya. Iweke mahali mkono haufiki. Mimi yangu anayo taniboi tangu tunapotoka geti, kama ni ramani anaangalia yeye, kama ni mobile money PIN simpi, inangoja. Nikiwa peke yangu naizima sauti inakaa kwenye begi nyuma ya kiti. Redio inatosha.

Na nyumbani wape ratiba ya vituo, hii imetusaidia kuliko kitu chochote. Wangu wanajua nitasimama Naluwerere kula, nitasimama Namawojjolo, nitasimama Luweero, nitalala Migyera kama giza limeingia. Nikisimama napiga mimi, na tunaongea mpaka tunashiba. Katikati ya hapo kimya maana yake naendesha. Mwanzoni mke wangu alikuwa anaogopa ule ukimya, tukakubaliana kwamba akiona nimepitiliza kituo kwa muda mrefu anampigia taniboi, si mimi, na taniboi ana ruhusa yangu ya kujibu maneno mawili tu, tuko salama. Kama unataka na wewe kuanza, chukua karatasi leo usiku uandike vituo vyako na nani ana simu, bandika ukutani karibu na pale mama watoto anapochajia simu yake, na namba ya taniboi iandike kwa kalamu nene.